Kirejeshi Kimoja Kinatosha

Lamadi,
3 Machi 2024

Dada Wilhelmina,

Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mguu wa Baba umepunguza kuuma. Mimi mhola duhu, ila mafua ya huku ziwani hayasikii dawa.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Tangu msiba wa Mayu, mama yetu, nimepiga mpaka nimechoka kumsikia yule dada wa mtandao akiniambia nijaribu tena baadaye. Baadaye yenyewe imekuwa mwaka na nusu. Sikulaumu, naeleza tu kwa nini unaona mwandiko wangu.

Nimejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne Novemba hii, mtahiniwa wa kujitegemea. Usicheke. Hapa mwaloni, kwenye soko la samaki, wanatafuta karani, na wenzangu wauza dagaa wote wamenitaja mimi, lakini nafasi inataka cheti. Hesabu tunaelewana. Kinachonitesa ni Kiswahili, tena kile kitu kinachoitwa urejeshi. Mwalimu wa jioni alituambia tutunge sentensi, nikatunga hii: "Mvuvi ambaye aliyeniuzia dagaa ambazo zilizooza amekimbilia Musoma." Akapiga mkasi sentensi nzima. Mvuvi ni wa kweli, dagaa walioza kweli, na Musoma kakimbilia kweli. Kosa liko wapi?

Wewe umefundisha nusu ya watoto wa Bariadi. Kama hutaki kuniandikia kama ndugu, niandikie kama mwanafunzi. Mwanafunzi hujawahi kumfukuza, hata yule aliyekuwa anakula chaki.

Barua hii na kifurushi cha dagaa nampa Januarius, kondakta wa basi la Bariadi. Ukijibu, mpe yeye.

Mdogo wako,
Zengo


Bariadi,
24 Machi 2024

Kwa Zengo,

Salamu. Sisi hatujambo. Mguu wa Baba ni uleule. Dagaa wamefika, wana mchanga.

Tuingie kwenye somo. Kirejeshi ni kile kipande kidogo kinachomrudisha msomaji kwa mtu au kitu kilichokwisha kutajwa. Ukisema "mvuvi", halafu ukasema "aliyeniuzia", ile -ye- inarudi nyuma kumshika mvuvi mkono. Ndiyo maana kinaitwa kirejeshi. Sasa una njia mbili. Ukitumia "ambaye", -ye- imeshakaa pale, kwa hiyo kitenzi kiache kiende peke yake: mvuvi ambaye aliniuzia. Usipotumia "ambaye", -ye- inaingia ndani ya kitenzi: mvuvi aliyeniuzia. Wewe umeweka kote kuwili. Kirejeshi kimoja kinatosha, Zengo. Mtu harudi nyumbani mara mbili kwa safari moja.

La pili, dagaa ana uhai, au alikuwa nao. Andika dagaa waliooza, usiandike zilizooza. Hata ng'ombe ni hivyo. Nyumbani tunasema "ng'ombe zangu" na hakuna anayetuuliza, lakini kwenye karatasi ya mtihani ni ng'ombe waliopotea.

Tunga sentensi tano. Moja iwe ya kukanusha. Andika kwa mwandiko unaosomeka.

Mwalimu wako,
W. Mayige


Lamadi,
14 Aprili 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimeona ulivyosaini, na mimi heshima naijua. Natumaini hujambo na wanafunzi wenzangu hawajambo. Huku mvua haitupi nafasi ya kuanika. Dagaa wanalowa, tunalowa, na bei nayo imelowa. Mchanga uliousema ni wa Lamadi, hatuna mwingine.

Zoezi langu ni hili.

Ya kwanza: Mvua inayonyesha Lamadi haina adabu.

Ya pili: Mama mwenye nyumba wangu, Generoza, ambaye anauza chapati, anasema nikisoma kwa sauti wateja wake wanadhani nahubiri.

Ya tatu: Mtu aliyefungua kifurushi cha dagaa akaonja ni Januarius.

Ya nne: Namkumbuka mtoto aliyemsubiri mama mlangoni.

Ya tano: Huyu ni mtoto asiyemzika mama yake.

Ya tano sikuitunga mimi. Alinitungia kaka Mashimba siku ile nilipofika nyumbani Ngulyati nikakuta kaburi limeshafukiwa na nyote mmeshanyoa nywele za msiba. Alisema mtoto asiyemzika mama yake hanyolewi kwenye ule mji. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yake, umeshika beseni. Naomba uisahihishe pamoja na zangu, maana nimeibeba muda mrefu na sijui kama ni sahihi.

Mwanafunzi wako,
Zengo


Bariadi,
5 Mei 2024

Zengo,

Habari za huko? Huku mhola. Baba anakusalimu. Yaani hakusema "msalimu Zengo", aliuliza tu dagaa niliowapeleka Ngulyati wametoka wapi, nikamwambia, akaongeza tonge.

Ya kwanza na ya pili, vema. Ya tatu ni sahihi, na mwambie Januarius sasa nimemjua.

Ya nne nimekukata alama. "Mtoto aliyemsubiri mama." Nani alimsubiri nani? Msomaji mmoja ataelewa mtoto alikuwa anamsubiri mama. Mwingine ataelewa mama ndiye alikuwa anamsubiri mtoto, na wote wawili hawajakosea. Hapa ndipo amba- inapotusaidia. Andika "mtoto ambaye alimsubiri mama" au "mtoto ambaye mama alimsubiri". Chagua moja, uiandike upya.

Ya tano ilikaa mezani kwangu wiki nzima. Kila nikishika kalamu nyekundu naiweka chini. Sasa sikiliza. Ile -si- ya "asiyemzika" haina wakati ndani yake. Ni ya jana, leo na kesho. Asiyesikia la mkuu, yule wa methali, hakukosa kusikia Jumanne tu. Hasikii siku zote, ndiyo maana guu lake linavunjika mpaka leo. Kitendo cha siku moja kilichopita kinatakiwa kiandikwe kwa amba-: mtoto ambaye hakumzika mama yake. Hilo lina siku yake. Lilitokea, likapita. Si jina la mtu.

Mashimba alikosea sarufi. Na mimi niliyeshika beseni, mwalimu mzima, sikumsahihisha. Basi, nimesahihisha leo.

Ile ya nne nataka niione.

Mwalimu wako, ambaye pia ni dada yako,
Wilhelmina


Lamadi,
2 Juni 2024

Dada,

Mwangaluka, mwangaluka tena. Hujambo? Shemeji hajambo? Baba aliongeza tonge! Generoza nimemsomea hapo mara mbili, na mara ya pili hata wateja walisikia wakapiga makofi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la dagaa. Mwaka na nusu nilidhani ni jina langu.

Sijawahi kupata nafasi ya kukueleza. Nilikuwa visiwani kununua dagaa. Simu ilikuwa imezima, na upepo ulitufungia kule, mitumbwi yote imevutwa nchi kavu. Habari niliipata kwa mtu aliyeleta nyanya. Aliniuliza, "Wewe si ndiye wa Ngulyati? Pole na msiba." Mimi nikamuuliza msiba wa nani. Hebu fikiria, dada, kumuuliza muuza nyanya msiba wa nani.

Tangu siku ile sijaweka wembe kichwani. Wateja wananiita Rasta. Nacheka nao, lakini sinyoi.

Ya nne nimeiandika upya: "Namkumbuka mtoto ambaye mama alimsubiri." Sasa nakuuliza, na hili halimo kwenye mtihani. Je, ni kweli? Alinisubiri?

Mdogo wako,
Zengo


Bariadi,
23 Juni 2024

Zengo, mdogo wangu,

Mwadila. Naandika jioni, watoto wanaosha vyombo, na pamba ya Baba imeshaletwa yote kupimwa, kwa hiyo nyumba ina furaha kidogo. Huku wote wazima. Wewe je, mafua?

Ni kweli, alikusubiri. Zile siku za mwisho alitukataza kukomea mlango. Mashimba alikuwa anaukomea kwa ajili ya fisi, na Mayu kutoka kitandani alikuwa akisikia komeo linalia anamwita: "Mashimba, fungua. Zengo atakuja ashindwe kuingia." Mashimba anafungua. Akidhani Mayu kalala anakomea tena, na Mayu hajalala, anamwita tena. Tulikuwa tunacheka. Sentensi yako ni sahihi kabisa, na nimekurudishia alama.

Sasa nina habari njema. Tarehe 24 Agosti, Jumamosi, tunajengea kaburi la Mayu. Padri amekubali kuja. Kaka Mashimba ameagiza jiwe la marumaru kwa fundi wa hapa mjini, ametunga maneno mwenyewe na limeshachongwa. Nimeliona, limependeza. Nakunakilia:

LUKRESIA, MKE WA MAYIGE.
KABURI HILI LIMEJENGWA
NA WATOTO WAKE WALIOMPENDA.

Njoo, Zengo. Njoo ukoroge zege na wenzako. Mashimba sijamwambia kwamba tunaandikiana, lakini hilo niachie mimi. Wembe uko kwangu, nitakunyoa mwenyewe.

Dada yako,
Wilhelmina


Bariadi,
21 Julai 2024

Zengo,

Hujambo? Karibu mwezi unaisha na sina barua. Nilidhani Januarius kaipoteza nikamsubiri stendi, akaniapia kwamba alikukabidhi mkononi, ukasoma palepale, ukaikunja, ukarudi kuanika dagaa bila kumwambia hata karibu chai. Juzi nikakupigia. Naam, mimi nimekupigia. Hukupokea.

Kama unaumwa, mwambie Generoza anijulishe. Kama nimeandika kitu kibaya, nionyeshe mstari.

Dada yako,
Wilhelmina


Lamadi,
28 Julai 2024

Dada,

Siumwi. Natumaini na ninyi hamuumwi.

Umesema nikuonyeshe mstari. Ni wa tatu, pale kwenye jiwe. "Watoto wake waliompenda." Nimeuchambua kama ulivyonifundisha. Ile -o- inarudi kwa watoto, lakini hairudi kwa wote. Inarudi kwa wale waliompenda tu.

Naomba uniambie, kwa sarufi tu, bila huruma: mimi nimo?

Kama simo, sitakuja. Jiwe halifutiki, na watu wa Ngulyati wanajua kusoma. Watalisoma, kisha watageuka kunitazama.

Zengo


Bariadi,
11 Agosti 2024

Mdogo wangu Zengo,

Salamu nyingi. Najua huna raha, hivyo sikuulizi hali.

Swali lako nililisoma nimesimama jikoni mpaka ugali ukaungua. Nimefundisha urejeshi tangu nitoke chuoni, na ule mstari niliunakili kwa mkono wangu nisione kitu. Nilikuwa natazama herufi zilivyochongwa vizuri. Ulitaka jibu bila huruma, nami nakupa: kirejeshi kinaweza kuchagua. Ukisema "ng'ombe waliorudi wafungiwe", msikilizaji ataanza kuwatafuta ambao hawakurudi. Kwa jinsi ule mstari ulivyo, mtu akitaka kukutoa, anakutoa. Ulikuwa na haki ya kuuliza, na nilikasirika, Zengo. Safari hii sikukukasirikia wewe.

Nikapanda pikipiki hadi Ngulyati. Mashimba nilimkuta anaziba zizi. Nikamwambia tunaandikiana tangu Machi, nikamwambia na habari ya mstari.

"Kwani uongo?" akasema. "Hatukumpenda?"

"Tulimpenda. Lakini mstari unaonyesha wako ambao hawakumpenda."

"Ninyi walimu mnatafuta maneno ndani ya maneno. Jiwe limeshachongwa."

"Mashimba, ulipoandika ulikuwa unamfikiria Zengo?"

Aliendelea kufunga miiba. Nikadhani nimeshindwa, nikaanza kutafuta kanga yangu niondoke. Ndipo akasema, bila kunitazama: "Mimi nilichimba lile kaburi huku natazama njia. Kila pikipiki ikipita nasema ndiye huyu. Nikachimba polepole makusudi. Mpaka wazee wakaniambia, Mashimba, inatosha."

Sikuwahi kulijua hilo. Nadhani na wewe hukulijua. Nikalia pale pale penye samadi.

Nikachukua kaa lililozimika, nikaandika kwenye ukuta wa jiko mistari miwili, mmoja juu ya mwingine:

WATOTO WAKE WALIOMPENDA
WATOTO WAKE ALIOWAPENDA

Itazame vizuri, maana hili ni somo la mwisho. Maneno ni yaleyale karibu yote, yamebadilishana viti. Ile wa- iliyokuwa mbele, inayotenda, imeingia ndani, inatendewa. Mbele sasa kakaa Mayu. Mstari wa juu unatusifu sisi kwa upendo wetu, na upendo wetu kila mtu anaweza kuupima. Wa chini unasema upendo wake, na huo hakuna wa Ngulyati atakayethubutu kuupunguza.

Baba alikuwa ameketi mlangoni, mguu kaunyoosha juu ya kigoda. Kusoma kunampa tabu. Akauliza, "Zengo yumo?"

"Kwenye wa juu anaweza kutolewa, Baba. Kwenye wa chini yumo."

"Na Mashimba?"

"Wote wamo."

"Basi wa chini. Mama yenu alikuwa anampenda hata yule ndama aliyekuwa anampiga teke."

Mashimba akacheka, Zengo. Alicheka huku akifuta uso kwa mkono wenye udongo, akajichafua wote. Kisha akasema, "Jiwe lina upande wa pili." Kesho yake tukaja naye kwa fundi, akalibeba mwenyewe akaligeuza juu ya meza. Fundi amechonga upya mgongoni. Ule mstari wa kwanza utatazama chini, kwenye zege, na hakuna atakayeusoma tena.

Mashimba amenituma nikuulize kama bado unakula michembe, vile viazi vikavu, kwa sababu ameweka. Ndivyo anavyoomba radhi, unamjua.

Tutakuwa Ngulyati kuanzia Ijumaa ya tarehe 23. Simu zako nitapokea sasa, usiku na mchana. Lakini kwa hili nataka jibu la maandishi, nilihifadhi.

Dada yako,
Wilhelmina


Lamadi,
18 Agosti 2024

Dada Wilhelmina,

Mwangaluka. Mimi mzima, na leo nasema kweli. Mafua yenyewe yamekata. Natumaini wewe, shemeji, Baba na kaka Mashimba wote ni wazima.

Barua yako nilimsomea Generoza. Alilia juu ya unga wa chapati, na siku hiyo chapati hazikuhitaji chumvi. Michembe nakula. Mwambie kaka ninaleta sato wawili wakubwa, na Januarius nimemweka kiti cha mbali nao.

Zoezi langu la mwisho lina sentensi moja tu:

Jumamosi, mtu ambaye atakayebisha hodi Ngulyati ni mimi.

Najua, dada. Weka chini kalamu nyekundu. Novemba kwenye mtihani nitaandika kimoja, nakuahidi. Lakini ulisema mtu harudi nyumbani mara mbili kwa safari moja, na mimi Jumamosi narudi kwa Mayu, na narudi kwenu, na nauli ni moja. Naomba hii uiache ilivyo.

Mwambie Mashimba asikomee mlango.

Mdogo wako,
Zengo